Niulize imefanya nini

Tangu Jumamosi sentensi moja ya mwanangu Kitinda inanizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani. Wiki yenyewe ilijaa: dada kajifungua mapacha salama, ukaguzi kazini umekwisha, nami nimekabidhiwa kitengo kizima. Hayo siku nyingine.

Ile roboti yake ya magurudumu mawili, ya darasa la watoto la kuandika programu, ilitakiwa ifuate mstari mweusi sakafuni. Asubuhi iliufuata vizuri. Alasiri ikawa inazunguka papo hapo kama mlevi. Mara ya tatu, ya nne. Mimi huku nakunja nguo nikauliza, "Umekosea wapi?"

Hakuinua hata uso. "Mama, usiniulize nimekosea wapi. Niulize imefanya nini."

Angesema kwa jeuri ningemkemea, yakaisha. Alisema kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni njia. Usiniulize nimekosea wapi. Na Jumanne, maneno yakiwa bado mabichi, kijana mpya ofisini akaniletea urari wa hesabu usiolingana. Neno lililonitoka? "Umekosea wapi?" Akabaki anatazama viatu vyake. Niulize imefanya nini.

Basi na turudi sakafuni. Kitinda aliinuka, akautembea mstari mwenyewe hatua kwa hatua, akinong'ona: nyeusi, kata kushoto, nyeupe, kata kulia. Kisha akaifanya roboti ionyeshe namba. Kihisi chake humulika chini na kupima mwanga unaorudi. Nyeupe hurudisha mwingi, nyeusi kidogo. Asubuhi sakafu nyeupe ilisoma 80, akaweka mpaka wa nyeusi na nyeupe kwenye 50. Sasa ilikuwa inasoma 45. Kwa roboti, nyumba nzima ilikuwa nyeusi, ikawa inakata kushoto tu, kushoto tu.

Tukaangalia dirishani. Mfunga pazia nilikuwa mimi.

Nilicheka hadi nguo nilizokunja zikaanguka. Naye akacheka, akabadilisha namba moja, roboti ikanyooka na mstari wake.

(Yale maagizo ya roboti mwalimu wao huyaita "msimbo". Watoto wanasema "kodi", na mimi mhasibu kila nikilisikia roho inashtuka.)

Usiku nikasoma kuhusu Logo, lugha ya kompyuta ya watoto iliyotungwa 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig. Watoto walimwongoza kobe wa mashine achore maumbo, na aliyekwama aliambiwa ajifanye kobe, atembee mwenyewe. Kumbe kule kutembea kwa Kitinda kuna ukoo mrefu.

Sisemi darasa limemgeuza malaika. Jana tu kashindwa karata akazimwaga zote chini. Na matangazo ya madarasa haya yanayoahidi wahandisi yananichosha. Uhandisi siujui. Nilichokiona ni mtoto wa miaka tisa anayekwama mara sita bila kujiita mjinga. Mimi umri huo nilikuwa nafuta daftari mpaka karatasi inatoboka.

Leo nimemwita yule kijana. "Hebu niambie, huu urari umefanya nini?" Akanitazama kama bosi kapandwa na homa. Halafu akavuta kiti, akaanza kunionyesha mstari kwa mstari. Kuna malipo yaliingizwa mara mbili upande mmoja.

Mama bado hajapiga simu kuwaulizia mapacha. Siku ya tatu leo. Si kawaida yake.