Mjomba hakuumwa kichwa

Mjomba wangu aliendesha daladala mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 20 bila ajali ya maana, mpaka ulipofika mwaka ambao alivunja vioo vitatu vya pembeni katika miezi michache. Tulimcheka kwamba amezeeka. Yeye alidai kuwa barabara zimejaa bodaboda zinazochomoka kusikojulikana, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa akiziona: hazipo, kisha ghafla ziko mbele yake. Alinunua miwani, akaibadilisha, na zote mbili hazikumsaidia. Wakati huohuo pete yake ya ndoa ilikuwa haivuliki tena, na viatu vya namba 42 alivyovaa tangu ujana vikawa vinambana hata akahamia 44, mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyahusisha na macho.

Aliyeyahusisha ni daktari wa macho, ambaye hakuishia kumsomesha herufi za ukutani, bali alimtaka atazame mbele huku yeye akisogeza kidole kutoka pembeni. Mjomba hakukiona, kulia wala kushoto, mpaka kilipokaribia katikati. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, karibu kabisa na mahali ambapo neva za macho mawili hukutana na kupishana. Uvimbe ukikua kwenda juu huyakandamiza makutano hayo, na kinachopotea kwanza kwa kawaida ni uoni wa pembeni. Wa mjomba ulikuwa pia ukitoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, ndiyo iliyomkuza vidole na miguu. Kwa mwanamke, uvimbe wa tezi hiyohiyo unaotoa homoni nyingine unaweza kukatisha hedhi au kuleta maziwa ilhali hana mimba wala hanyonyeshi.

Watu wengi wakisikia uvimbe wa ubongo hufikiria maumivu ya kichwa tu, kumbe dalili hutegemea mahali ulipoota. Ukiwa sehemu ya mbele, huenda ikabadilika tabia: mpole akawa mkali, mhasibu makini akaacha kujali hesabu, na kwetu hapo ndipo familia huanza kumtafuta aliyemroga. Ukiwa nyuma, kwenye serebela, sehemu ya ubongo inayosimamia mwendo na usawa wa mwili, mgonjwa huyumba kama mlevi. Mkono mmoja unaozidi kulegea wiki baada ya wiki hufanana na kiharusi, ila kiharusi huja ghafla.

Maumivu ya kichwa mara nyingi hayatokani na uvimbe. Yanayotia shaka ni yale mapya yanayozidi siku hadi siku, yenye kuwa makali alfajiri au mtu anapokohoa na kuinama, yakiandamana na kutapika, kwa sababu fuvu la mtu mzima halitanuki shinikizo linapoongezeka ndani. Kwetu kichwa na kutapika huitwa malaria, na sioni ubaya wa kuanza na kipimo chake. Ubaya ni kumeza dozi ya tatu wakati kipimo kimesema hakuna vimelea. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali siku hiyohiyo, ingawa sababu nyingine zipo, mojawapo ikiwa ni mabuu ya tegu wa nguruwe (aina ya mnyoo) yaliyoingia kwenye ubongo.

Mjomba alifanyiwa upasuaji kupitia puani. Uoni umerudi kwa kiasi kikubwa na pete sasa inavulika, kwa kuwa nyama laini hupungua. Mifupa hairudi, na viatu vimebaki namba 44.