Malenga Wangu Darajani

Majira ya baridi ya mwaka 2016 nilikuwa mwanafunzi mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, nchini Marekani, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: nilikisoma vizuri na kukiandika bila shida, lakini kila nilipotakiwa kuzungumza mbele ya watu maneno yalinikimbia. Ndiyo maana wenzangu wa bwenini waliponikaribisha kucheza Dungeons & Dragons kila Ijumaa usiku, nilikubali kwa nia ya kukaa na kusikiliza tu. Sikujua kwamba katika mchezo huo kila aliyeketi mezani ana mhusika wake, humsemea na kumwamulia atendalo, huku kiongozi wa mchezo akisimulia ulimwengu wote unaowazunguka wahusika hao.

Nilichagua kuwa malenga. Kwetu Tanga nilikulia kwenye taarabu, na nilipoona katika kitabu cha kanuni kwamba mhusika anaweza kuishi kwa kuimba na kuzungumza, sikutafuta kazi nyingine. Mahali pa kutaja ala nikaandika udi. Mchezaji mwenzangu, aliyecheza mpiganaji mwenye shoka, akanisaidia kujaza hesabu kwa penseli: haiba 16, ambayo huleta nyongeza ya 3, na kwa kuwa malenga aliyefika ngazi ya tatu huruhusiwa kuzidisha maradufu umahiri wake katika stadi mbili, ushawishi ukapata 4 nyingine. Jumla 7. Katika kundi letu hakuna aliyekuwa na namba kubwa kama hiyo katika stadi ile, nami ndiye niliyekuwa kimya kuliko wote.

Usiku ninaoukumbuka, tulifika kwenye daraja. Tulikuwa tumebeba dawa za kijiji kilichokumbwa na homa, jua limekwisha kuzama, na mlinzi alikuwa na amri ya kutomvusha mtu yeyote hadi alfajiri. Wote wakanigeukia, maana kumshawishi ilikuwa kazi ya malenga. Nikasema kwamba mhusika wangu anamwomba atuvushe. Kiongozi akanitaka niseme maneno yenyewe, jinsi malenga angeyasema. Nakumbuka mvumo wa kipasha joto chini ya dirisha, kidole changu kikisugua pembe ya dadu, na sentensi moja ya Kiingereza niliyoianza mara tatu bila kuimaliza. Kiongozi, ambaye alikuwa mtu mwema na aliamini anatenda haki, akasema kwamba kwa ombi la namna ile kiwango cha ugumu, yaani jumla ya dadu na nyongeza zangu inayotakiwa ili nifaulu, kitapanda kutoka 15 hadi 20.

Mwenye shoka akapinga. Alikumbusha kwa upole kwamba wiki iliyotangulia, mhusika wake alipoinua lango la chuma, yeye mwenyewe hakuambiwa ainue meza tuliyoizunguka. Alirusha dadu, nguvu za mhusika zikajumlishwa, lango likainuka. Akauliza kwa nini misuli iliyoandikwa kwenye karatasi iaminiwe, na ulimi ulioandikwa kwenye karatasi usiaminiwe.

Ubishi huo una mizizi mirefu. Gary Gygax na Dave Arneson, huyu wa pili akiwa mtu wa huko huko Minnesota, walipochapisha mchezo huu mwaka 1974, haukuwa na orodha ya stadi. Mchezaji alieleza kwa kinywa chake alichotaka kufanya, na kiongozi akaamua. Toleo la tatu la mwaka 2000 ndilo lililoziweka stadi zote chini ya dadu moja yenye nyuso 20, na toleo la tano la mwaka 2014, tulilolitumia sisi, lina stadi 18. Wapo wanaoona kwamba dadu imeua ufundi wa mazungumzo mezani. Nawaelewa, lakini siwezi kuwa upande wao, kwa sababu pale ambapo kinywa cha mchezaji ndicho kipimo pekee, msemaji hodari hucheza msemaji hodari, na mwenye kusitasita hubaki na kusitasita kwake hata ndani ya hadithi aliyoingia ili awe mtu mwingine.

Kiongozi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali lingine: si namna ninavyosema, bali ninamwambia mlinzi jambo gani. Hilo nililiweza. Kwa maneno machache na ya kukatika nilieleza kwamba homa haingoji daraja lifunguliwe. Ikimaliza kijiji cha ng'ambo itavuka yenyewe, na mtu wa kwanza itakayemkuta ni yeye mlinzi. Kiongozi akatikisa kichwa kukubali na kurudisha ugumu kwenye 15. Nilihitaji 8 au zaidi, yaani nafasi 13 kati ya 20.

Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe changu cha chai, ikatulia kwenye 4. Nne na saba, kumi na moja.

Niliingoja aibu niliyoizoea, ile ya kupandwa na joto masikioni, na haikuja. Malenga wangu alikuwa amesema vizuri kama kawaida yake, na mlinzi, kwa sababu zake, hakushawishika. Kiingereza changu hakikuhusika. Kiongozi naye hakutufungia njia. Alisema kwamba mlinzi anatikisa kichwa kukataa, ila macho yake hayabanduki kwenye udi: atatuvusha, endapo udi utabaki kwake rehani hadi tutakaporudi.

Wenzangu wakanitazama tena. Safari hii nilimjibu mlinzi mwenyewe, kwa sauti, kwa sentensi nzima ya Kiingereza, nikamwomba asiuweke mahali penye umande, kwa maana mbao zake hujikunja. Kisha nikachukua kifutio, nikafuta neno udi kwenye orodha ya vitu vyangu, na palepale nikaandika: uko darajani.