Maji yasiyotoka

Kaka Seif alipiga simu Jumapili, na tangu hapo kuna sentensi yake moja imegoma kunitoka kichwani. Nilikuwa nimemtumia picha ya kichupa cha maji tuliyoyakinga Mol, hapa Ubelgiji, rangi yake ya manjano kama chai iliyozimuliwa. Kaka mnamjua, ndiye yule mchimba visima wa Singida.

"Mmeyapata wapi hayo?"

"Kwenye udongo wa mfinyanzi, kaka. Mita 225 chini."

"Mfinyanzi hauna maji, mdogo wangu. Sisi tukiona ni huo tu, tunahamisha mtambo."

"Yamo, ila hayatoki."

Akanyamaza kidogo. "Yasiyotoka si maji."

Hakusema kwa dharau, na ndiyo maana limenichoma. Ni mtu anayeona kina mama wamepanga ndoo kabla bomba halijawekwa. Jumanne nimepita tathmini ya mwaka, Alhamisi Baba Neema akapata kile kibali cha kazi, nyumba nzima vigelegele; mimi usiku nikilala namjibu kaka. Namwambia yamo. Ananijibu si maji.

Ijumaa nikaingia kazini nalo. Mikono ndani ya glavu za kile kisanduku kilichojaa gesi ya argoni, maana oksijeni ikiifikia pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo kwenye mwamba huu wa mfinyanzi, inazaa asidi na maji yanageuka kuwa mengine. Maji yenyewe yana magadi mengi, kwa hiyo kabla ya kupima nadondosha asidi, viputo vinapanda, kaboni ya magadi inatoka na gesi. Inayobaki ndiyo naitafuta: kaboni ya mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka. Mara nyingi inazidi miligramu 100 katika lita moja, wakati maji ya bahari kuu hayafiki hata 2. Huo mfinyanzi ulitua chini ya bahari yapata miaka milioni 30 iliyopita, ukazika mimea iliyoletwa na mito pamoja na viumbe vya bahari yenyewe. Ule umanjano ndio wao.

Nikiwa bado na kichupa mkononi, ujumbe wa kaka ukaingia: "Hiyo rangi ni nini? Chuma?"

Nimefurahi mpaka nimeketi. Kumbe naye picha ilikuwa haijamtoka!

Nikamrekodia sauti ndefu. Nimemwambia si chuma, ni mboji ya zamani sana. Kwamba Wabelgiji walianza kuchimba maabara ile ya chini ya ardhi tunakokinga maji haya, HADES, mwaka 1980, wakitaka kujua kama taka za nyuklia zinaweza kuzikwa kwenye mwamba huo, na mwamba unapendwa kwa sababu ileile inayomfanya yeye ahamishe mtambo: maji yake hayasogei hata milimita moja kwa mwaka. Hatari ni hiyo mboji. Metali zenye mionzi, amerisiamu kwa mfano, hujishika nayo, na kitu ambacho kingeganda kwenye udongo kinaweza kuanza kusafiri. Molekuli zake kubwa hukwama kwenye vitundu vya mwamba, ndogo hupenya. Ngapi kubwa, ngapi ndogo, ndiyo kazi yangu, kaka. Watu watakaoishi juu ya mwamba huo baada ya miaka laki moja hawatakuwa na wa kumuuliza, na mimi nataka wawe salama. Haya maji nataka yabaki hukohuko.

Amesikiliza yote, nimeona alama za bluu. Jibu lake: "Basi uyapime vizuri." Nimelisoma mara nyingi kuliko ripoti ya tathmini.

Halafu chini yake kuna jingine, nililiona nimeshashuka kwenye basi. Baba amekataa tena kupelekwa kutolewa mtoto wa jicho. Anasema asubiriwe mpaka alizeti ivunwe. Juzi amemimina uji wa moto nje ya kikombe, ukamuunguza kidole gumba, na Mama hakuambiwa mpaka alipoona malengelenge. Kaka anarudi porini Jumatatu na mtambo, Asha ana mtihani. Sijui nani atakaa na mzee, na nani kati yetu anaweza kumwambia Baba kitu akasikia.