Sisi Tulikuwepo

Maneno mawili tu, na tangu Jumatano hayanitoki kichwani hata nikifua. Wiki hii nimefaulu mtihani wa leseni ya unesi na mwenye nyumba kapandisha kodi, ila ninachotaka kuandika ni hicho.

Wazee wangu ninaowahudumia zamu ya jioni mnawajua, yule wa Boston na yule wa Alabama, wote wapenzi wa besiboli. Wa Boston kwake mpigaji ni mmoja, Ted Williams: mwaka 1941 alifika siku ya mwisho ya msimu akiwa na wastani unaohesabika .400, yaani mipigo halali minne kwa kila majaribio kumi, angeweza kukaa benchi aulinde, akacheza mechi zote mbili za siku hiyo na kumaliza na .406. Wa Alabama ni mtu wa Hank Aaron, mzaliwa wa Mobile kama yeye.

Jumatano wakaanza tena. Nikiwa nakunja shuka nikasema, "Aaron alivusha uzio mipira 755. Ifuteni yote, bado anabaki na mipigo halali zaidi ya 3,000."

Wa Boston akanitazama kwa upole. "Wewe umesoma, binti. Sisi tulikuwepo."

Huo upole ndio uliouma. Angefoka ningejua namna ya kulipokea. Kwenye basi nimemjibu, jikoni nimemjibu: nimesoma kwa kuwa nampenda Aaron, na mji huu wa Atlanta aliouchezea ndio ninamoishi sasa. Halafu namsikia tena, Sisi tulikuwepo, na jibu langu linaisha nguvu. Mbona kwa umri wake, 1941 hata shule alikuwa hajaanza? Hilo sitamwambia kamwe. Williams wake ni wake.

Jana nampima presha wa Alabama, akasema bila kuulizwa, "Mimi sikuwepo." Aprili 8, 1974, Aaron alipovusha uzio mpira wa 715 na kumpita Babe Ruth, mwenye rekodi hadi siku hiyo, watu 53,775 walijaa uwanjani hapa hapa Atlanta, yeye yuko kazini na redio. Akanisimulia barua za vitisho vya kumuua Aaron, kisa mtu mweusi anavunja rekodi ya Ruth; akanisimulia mama wa Aaron, Estella, alivyoingia uwanjani akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, hataki kumwachia. Mzee mikono yake yote miwili ilikuwa inakumbatia hewa, kipimo cha presha kinaning'inia.

Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo. Mpira aliusikia redioni Tanga, akatuchezea sebuleni chenga zote, nasi tukaamini aliziona. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikala vizuri, nikalala.

Mama naye alikwenda kupima macho juzi na hajanipa jibu. Nikipiga ananiuliza habari za baridi. Mdogo wangu, ukisoma hapa pita kwake leo, umuulize daktari alimwambia nini hasa, na ile karatasi uipige picha unitumie.