Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya kitufe kimoja

Saa 11:00 alfajiri. Adhana inaniamsha, na kabla sijanawa uso natazama kompyuta. Bando la usiku limefanya kazi yake: masomo ya sehemu na desimali yameshuka yote, na toleo jipya la programu ya majaribio ya wanafunzi limeshuka pia. Nayahamishia kwenye flashi mbili, moja ya akiba. Shule ninayokwenda haina intaneti, kwa hiyo kila kinachofika kule kinasafiri mfukoni mwangu.

Mimi ni fundi kompyuta, nina banda langu hapa Morogoro, na Alhamisi asubuhi nalifunga. Huu ni mwaka wa tatu najitolea kwenye programu huria za shule, zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuziboresha. Natafsiri, najaribu matoleo mapya, naripoti hitilafu. Sijui kama kuna kazi nyingine ninayoifanya kwa moyo kama hii.

Saa 1:40. Nawakuta mstarini, "Shikamoo mwalimu!" inapaa hadi barabarani. Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kuna kompyuta 12 za mezani, mitumba, zote zinatumia Linux, mfumo endeshi huria. Kwenye kona nimeweka Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki, inayokula umeme wa pawabenki. Humo mna Kolibri, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: masomo yanakaa kwenye Pi, kompyuta nyingine zinayafuata humo kupitia Wi-Fi ya chumbani. Wadogo wa darasa la kwanza na la pili wana GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia ulioanzishwa na Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000. Ukilitamka jina hilo kwa Kifaransa linasikika kama "nimeelewa". Kila nikiliona nawaza, hilo ndilo neno tunalolitafuta siku nzima.

Saa 3:00. Darasa la Tano wanaingia, wawili wawili kwa kila kompyuta. Mwalimu wao wa Hisabati amewatungia maswali 10 ya kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti, kwa kutumia ile programu ndogo ya majaribio ninayoitafsiri.

Nasimama nyuma ya mabinti wawili. Swali ni robo moja jumlisha moja ya sita. Mmoja anaandika kwa kidole juu ya meza, kana kwamba meza ina wino: KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya 4 na 6... anahesabu vigawe kimyakimya, midomo inacheza... 12. Tatu kwa kumi na mbili, mbili kwa kumi na mbili. Mwenzake anabonyeza 5 kwenye kiasi, juu, 12 kwenye asili, chini. Tiki ya kijani. Hawakuruka hata swali moja.

Wakafika la 10, wakakunja mikono.

"Mbona mmeacha?"

"Tumemaliza, mwalimu."

Chini ya skrini kitufe kinasubiri: *Wasilisha*. Namwonyesha mmoja wao. Anasoma kwa silabi, wa-si-li-sha, halafu anamtazama mwenzake. Nikawauliza, mkimaliza zoezi la kwenye daftari mnafanyaje?

"Tunakusanya!" Wote wawili, kwa pamoja.

Neno *Wasilisha* nililiweka mimi, mwaka jana, nikiwa nimekaa bandani na kamusi. Ni Kiswahili safi, hakina kosa. Lakini ni cha ofisini: watu wanawasilisha ripoti, wabunge wanawasilisha hoja. Daftari la mtoto wa miaka 10 linakusanywa.

Sijamaliza hata kugeuka nikamwambie mwalimu, umeme ukakatika. Skrini 12 zikazima kwa pamoja. Pi kwenye kona ikaendelea kuwaka taa yake, ila programu ile huacha majibu kwenye kompyuta ya mtoto mpaka kitufe kibonyezwe. Kompyuta 5 zilikuwa zimeshabonyeza. Zile 7 nyingine, kazi yote ikapotea, na mabinti wale wakiwemo. Yule wa kuandika mezani hakusema kitu, alibaki anatazama skrini nyeusi. Mwalimu wake akamshika bega: "Tutarudia Alhamisi ijayo, mwanangu." Iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Saa 5:00 hadi saa 9:00. Bandani. Vioo vya simu, chaji zilizokufa, laptopu moja iliyomwagikiwa chai. Hakuna la kusimulia.

Saa 9:15 alasiri. Nafungua GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu ile hupokea ripoti za hitilafu, na kuandika ripoti mbili. Ya kwanza: majibu yahifadhiwe kila swali linapojibiwa, si mwishoni tu. Nimeeleza tukio zima, pamoja na zile kompyuta 7, kwa sababu anayeandika msimbo akiwa kwenye umeme usiokatika hawezi kulifikiria hili mpaka aambiwe.

Ya pili ni ya siku nyingi. Programu ina kipande kimoja cha maneno, "%s imefutwa", na pale kwenye alama inachomeka jina la kitu chochote. Kwa Kiingereza kinafaa kila mahali. Kwetu kinazaa "mwanafunzi imefutwa", "kitabu imefutwa", "jaribio imefutwa". Mtoto anayefundishwa upatanisho wa sarufi darasani saa 4, saa 5 anaonyeshwa hivi na kompyuta. Nimependekeza kila kitu, kati ya vyote tisa, kiwe na sentensi yake kamili: mwanafunzi amefutwa, kitabu kimefutwa, jaribio limefutwa. Watasema kazi inaongezeka. Inaongezeka kweli, lakini shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kama hilo liliwezekana wakati ule, sentensi tisa hazitushindi.

Saa 2:00 usiku. Kikao cha watafsiri, kwa simu. Naleta hoja ya kuweka *Kusanya* badala ya *Wasilisha*. Mwalimu mmoja wa Nakuru, Kenya, anapinga: "Kaka, wangu wataona kama wameambiwa waokote vitu." Tumewahi kubishana hivi juu ya kompyuta na tarakilishi, na juu ya nenosiri na nywila, na mara zote anatetea watoto anaowaona kwa macho, kama mimi. Hatukupigia kura. Tumekubaliana faili la sw, la Kiswahili cha wote, libaki na *Wasilisha*, tufungue sw-TZ, la Kiswahili cha Tanzania, na neno letu liingie humo.

Saa 4:10. Jibu limekuja kutoka kwa mmoja wa waandishi, yuko Brazili, kwao bado ni alasiri. Hifadhi ya kila swali ataianza kesho. Sentensi amekwisha kuzitenganisha, zimetokea kwenye Weblate, tovuti tunayotafsiria, zote tisa, tupu, zinanisubiri.

Nimejaza sita. *Darasa limefutwa. Somo limefutwa. Mwalimu amefutwa...* Bando la usiku likianza nitaweka toleo jipya lishuke, niwahi kulijaribu kabla ya Alhamisi.