Milango ya Beit el-Ajaib

Kila nikifika Unguja hupita Forodhani kwanza, na macho yangu hupanda yenyewe kutafuta mnara wa saa wa Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambao zamani msafiri aliuona kabla hajashuka botini. Mnara huo uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele wa jumba, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Wengi hulizungumzia jumba hili kana kwamba lilijengwa ili Sultani alale humo. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli rasmi na mapokezi ya wageni, makaazi yakiwa katika majumba ya jirani. Lilijengwa ili litazamwe, na ndiyo maana likapewa nguzo za chuma, roshani pana na milango mikubwa ya nakshi yenye maandishi ya Kiarabu, kisha likaja kuwa na taa za umeme na lifti, vitu vilivyowastaajabisha watu hata jina la maajabu likashika.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja ili kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani bila ridhaa yao. Beit el-Hukm, jumba lililokuwa ubavuni, iliharibiwa vibaya, na mnara wa taa uliosimama mbele ukabomoka, lakini Beit el-Ajaib ilisalimika. Mnara wa saa uliongezwa katika matengenezo yaliyofuata, kwa hiyo kile tulichokihesabu kuwa sura halisi ya jumba kilikuwa kiraka cha vita, nami nakipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kuanzia mwaka 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya Waingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likapita mikononi mwa serikali mpya, na chama cha Afro-Shirazi kikalitumia kwa mafunzo ya itikadi.

Zamu ninayoienzi kuliko zote ni ile ya makumbusho, kwani ndipo mimi, mjukuu wa mvuvi, nilipoingia kwa mlango uleule uliotengenezewa wageni wa Sultani. Uani, chini ya roshani zilizopanda ghorofa baada ya ghorofa, palikuwa na mtepe, chombo cha kale cha baharini, uliojengwa upya kwa ufundi wa kale, hauna msumari hata mmoja, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi. Niliinama nikazifuata kamba zile kwa macho, zikiingia tundu hili na kutokea lile, nikamkumbuka babu akikaza kamba kwa meno. Chombo cha watu wa pwani kilikuwa kimewekwa katikati ya nyumba ya utawala, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 2012 sehemu nyingine ya jumba ilianguka, makumbusho yakafungwa. Oman imesaidia kugharimia ukarabati. Wapo wanaotamani jumba liwe hoteli, lakini mimi nitasikitika sana nikilikuta na mlango unaomuuliza mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, amekuja kufanya nini. Naomba ua ule uwe wa mtepe tena, na watoto wa skuli waje wainame wahesabu mishono.