Moshi mweusi wa dizeli: pampu iache mwisho

Kiangazi kikishika huku Tabora, malori ya tumbaku ya Urambo na Kaliua hufuka kama tanuri la mkaa. Fundi mwenye haraka hukimbilia skrubu ya pampu inayosukuma dizeli kwenye injini, anapunguza dizeli. Moshi unapungua kweli, ila nguvu nazo zinakwenda, na kwenye mlima na mzigo lori linatambaa gia ya pili.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa yake tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Weka vumbi juu yake.

Kwa hiyo anza na filta ya hewa. Itoe usiku, washa tochi ndani yake: mwanga usipopenya, imeziba, ukiona kitobo chenye mwanga mkali kama nyota, itupe. Ikiwa haina kitobo, puliza kutoka ndani kwenda nje, presha isizidi bar 2. Usiigonge kwenye tairi, karatasi inapasuka na mdomo wake unapinda. Halafu angalia kile kimpira chenye midomo chini ya nyumba ya filta. Kazi yake ni kutema vumbi. Wengi wakikipoteza huziba kwa kitambaa, basi vumbi lote linabaki ndani na filta inajaa upesi. Kagua pia mpira unaotoa hewa kwenye filta: ufa wake hauleti moshi leo, ila vumbi linalopita hapo linasaga ringi za pistoni, na moshi wa bluu utakuja baadaye.

Hewa ikiwa safi, nenda kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Kwa injini za pampu ya kawaida, mfano 1HZ ya Land Cruiser, acha injini kwenye sailensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), legeza nati za paipu za nozeli moja moja, kisha kaza. Silinda isiyo na tatizo ukiizima, injini inatetemeka. Ukilegeza moja na moshi ukakatika, mwizi umemshika. Injini za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, usithubutu: presha yake inatoboa ngozi. Nozeli ipimwe kwenye mashine. Ya 1HZ hufunguka karibu bar 150, itoe ukungu mwembamba, isidondoshe hata tone. Ukirudisha nozeli, washa zake (pete za kuziba) ziwe mpya.

Mafuta ya taa kwenye tenki hayasafishi kitu. Yanainyima pampu ulainisho.

Moshi wa bluu ni oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: ikipumua moshi kwa nguvu, ringi zimekwisha. Moshi huo ukitoka asubuhi tu au baada ya kukaa sailensa muda mrefu, shuku sili za valvu. Mweupe unaochoma macho ni dizeli mbichi, kagua hita plagi (za kupasha silinda kabla ya kuwaka) na taimingi ya kupuliza dizeli. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya hedi.

Ukiwa umepita yote hayo na mweusi bado upo, ndipo pampu ishushwe, ipelekwe kwenye benchi la kupimia pampu. Isirekebishwe kwa sikio.